Kufinyanga na Kuvisha Kisanamu cha Jama-Coaque: Mwongozo Kamili

Kaskazini mwa pwani ya Manabí, nchini Ekwado, watu wa utamaduni unaoitwa Jama-Coaque walifinyanga visanamu vya udongo tangu yapata mwaka 350 KK hadi Wahispania walipoingia. Francisco Pizarro aliuteka mji wa Coaque mwaka 1531. Nguo zenyewe za watu hao zimeoza karibu zote, maana unyevu wa huko hauhifadhi pamba wala manyoya kama jangwa la Peru linavyohifadhi. Kilichobaki ni nguo za udongo. Anayetaka kujua mkuu wa ibada alivaa nini, alivaaje, na nini kilitangulia nini, huangalia visanamu.

Vilitengenezwa hivi: uso na mwili vilitoka kwenye kalibu, kisha mavazi yakabandikwa kwa mkono, kipande baada ya kipande. Kalibu moja iliweza kuzaa mkulima, mpiga filimbi na shujaa, wote wenye sura ile ile. Mavazi ndiyo yaliyowatenganisha. Kwa hiyo anayefinyanga nakala afanye kama mtu anayemvisha mwenzake kwa sherehe: nguo kwanza, vito baadaye, taji mwisho. Ukivuruga utaratibu huo utajikuta unaingiza kidole chini ya taji lililokwisha kukaza ili ubandike sikio, na taji litavunjika.

Mwongozo huu ni wa kisanamu kimoja cha sentimita 20, chenye uwazi ndani, kilichosimama.

Chagua mtu kabla ya udongo

Amua unamfinyanga nani, kwa sababu kila mtu ana alama zake. Mkulima ana kijiti cha kuchimbia na mfuko wa mbegu. Mpiga muziki ana filimbi za matete zilizofungwa safu moja. Shujaa ana ngao na kifaa cha kurushia mkuki. Mtafuna koka ana shavu lililotuna upande mmoja, kibuyu kidogo cha chokaa mkono huu na kijiti cha kuchotea mkono ule. Chokaa hiyo huenda na jani la koka mdomoni kama chokaa inavyokwenda na tambuu kwa wazee wetu wa pwani, kwa hiyo msomaji wa Mombasa au Unguja ataielewa sanamu hii haraka kuliko wengi.

Tutamfuata mtafuna koka, kwa kuwa amevaa karibu kila kitu: kitambaa cha kiunoni, kizibao cha vipande, joho, vidani, majasi masikioni, hazama puani na taji la manyoya.

Tafuta picha za kisanamu halisi kutoka pande tatu: mbele, ubavuni na nyuma. Picha ya mbele peke yake haitoshi. Makosa mengi ya nakala yako mgongoni, ambako fundi hubuni kwa kuwa hakuona joho limefungwa wapi. Makumbusho ya Casa del Alabado jijini Quito na MAAC jijini Guayaquil yana vipande vizuri vya pwani hii.

Udongo na vifaa

Kilo 5 za udongo wa mfinyanzi zinatosha kwa kalibu na kisanamu. Uchanganye na vigae vilivyopondwa: kipimo kimoja cha vigae kwa vinne vya udongo, vigae vikiwa vimepita kwenye chekecheo lenye matundu ya milimita 1. Vigae vilikwisha kuchomwa, havisinyai tena, kwa hiyo hupunguza kusinyaa kwa mchanganyiko wote na huacha njia ya mvuke kutoka. Ponda vikiwa na maji kidogo na funika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu.

Tenga robo kilo ya udongo kwa ajili ya mavazi, na huo uchanganye na vigae vilivyopita kwenye chujio la chai, kipimo kimoja kwa vinane. Vigae vikubwa hujitokeza kwenye manyoya membamba na kuyakata.

Jihadhari na udongo wa pwani wenye chembe nyeupe za matumbawe au kombe. Ukiuchoma kupita nyuzi 800 hivi, chembe hizo hugeuka chokaa hai. Sanamu hutoka kwenye moto nzima, kisha baada ya siku chache chokaa hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kubandua vipande vya uso. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu; ukitoa povu, tafuta mwingine.

Pima usinyaaji kabla ya lolote. Tengeneza kibao cha udongo, chora mstari wa sentimita 10, kausha, choma, pima tena. Ukipata 9, usinyaaji wako ni asilimia 10, na hesabu zote hapa chini zinafuata kiasi hicho.

Vifaa vingine ni vya nyumbani: kibao na mti wa kusukumia chapati, kisu chembamba, spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha, vijiti vya meno, mrija wa kunywea soda, brashi ndogo, mifuko ya plastiki na matambara.

Kalibu

Kwanza finyanga mfano wa nusu ya mbele ya mwili, umelala chali juu ya ubao. Kalibu ya udongo husinyaa ikichomwa, na kisanamu kitakachotoka ndani yake kitasinyaa pia. Ukitaka sentimita 20 mwishoni, mfano uwe na 25: kalibu itabaki na 22.5, na kisanamu kitashuka hadi 20 na kidogo. Ukitumia plasta badala ya udongo, mfano uwe 22.5 tu, kwa kuwa plasta haisinyai.

Mfano uwe mtupu, bila nguo wala vito. Mfanye mtu mwenye kichwa kikubwa, miguu mifupi na nyayo pana. Kila ubavu ushuke kwa mteremko kuelekea ubaoni. Popote panapoingia ndani, kama chini ya kidevu au nyuma ya sikio, udongo utajifunga kama kulabu na hutautoa bila kuuchana. Jaza pembe hizo sasa. Utazichonga tena kwa kisu kisanamu kikishatoka.

Mfano ukikaza kiasi kwamba kidole hakiubonyezi lakini ukucha unauchora, upake majivu laini yaliyochekechwa. Bandika udongo mbichi juu yake, ukianzia puani kwenda nje, unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Sawazisha mgongo wa kalibu ili ukae mezani bila kuyumba. Baada ya saa 3 au 4 igeuze, toa mfano taratibu, rekebisha alama za macho na mdomo kwa spoku, halafu ikaushe wiki mbili na kuichoma kama ilivyoelezwa mbele. Usiisugue ing'ae. Kazi ya kalibu ni kunywa maji ya udongo, na uso uliosuguliwa haunywi.

Kutoa mwili

Nyunyiza majivu laini ndani ya kalibu na yapulize yanayozidi. Chukua punje ya udongo ukubwa wa harage, isukume mpaka ijaze pua, kisha nyingine kwa kila jicho na mdomo. Ndipo ulaze chapati ya udongo ya milimita 7 juu yake na kuibonyeza kwa kidole gumba, kutoka usoni kwenda miguuni. Ukianza na chapati moja kwa moja, pua itatoka imekatika ncha, kwa sababu hewa hunaswa kwenye shimo lake.

Subiri dakika 20 hadi 40. Ukingo ukiachana na kalibu kwa upana wa uzi, iinamishe juu ya tambara na mwili utadondoka wenyewe. Usiuvute.

Mgongo ni chapati ya milimita 6, ikatwe kufuata umbo. Chanja chale kwenye kingo zote mbili, paka uji wa udongo, bana, kisha laza kamba nyembamba ya udongo kwenye mshono na uisugue mpaka ipotee. Toboa tundu la milimita 5 katikati ya mgongo, mahali ambapo joho litalificha bila kuliziba. Wengi husema hewa iliyonaswa ndiyo hupasua sanamu. Kinachopasua ni maji: yakigeuka mvuke huhitaji nafasi ya zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Tundu huruhusu ndani pakauke sawa na nje.

Chora neno NAKALA na mwaka chini ya nyayo sasa hivi, udongo ukiwa laini. Kijiji cha La Pila, karibu na Montecristi huko Manabí, kinajulikana kwa mafundi wa nakala za vyombo vya kale, na si ajabu nakala kuishia mikononi mwa mtu anayeiuza kama ya kale. Ekwado hairuhusu vitu vyake vya kale kutolewa nchini kwa biashara. Kupaka sanamu mpya matope ya chai ili ionekane ya kale ni utapeli, hata kama imefinyangwa vizuri.

Mikono ifinyangwe peke yake, ikibandikwa mabegani na kukunjwa mbele. Shavu la koka ni punje ya ukubwa wa dengu. Chanja chale, bandika, sugua kingo zake zififie. Liwe upande mmoja tu. Mashavu yote mawili yakituna, umepata mtu mnene.

Kuvisha

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo visanamu vingi huharibika. Kanuni kuu ni kwamba nguo na mwili viwe na unyevu mmoja. Kipande kibichi kikibandikwa juu ya mwili uliokauka, kitasinyaa huku mwili umetulia, na kitabanduka kabla hata ya moto. Kwa hiyo mwili ukae ndani ya mfuko wa plastiki muda wote, na utoe sehemu unayofanyia kazi tu. Ukiacha usiku, funga na tambara bichi ndani ya mfuko, lisiguse udongo.

*Kitambaa cha kiunoni.* Sukuma chapati ya milimita 2.5, kata kipande cha sentimita 9 kwa 4. Nakshi ya pindo ipigwe kikiwa bado mezani. Ukiipiga kikiwa mwilini utabonyeza tumbo lote ndani. Watu wa Jama-Coaque walikuwa na mihuri ya udongo mingi sana, bapa na ya kuviringisha, yenye michoro ya ndege, wanyama na ngazi, na nakshi za nguo kwenye visanamu zinafanana nayo. Chonga muhuri wako kwenye kipande cha udongo, uchome, na uwe nao kwa kazi zote. Zungusha kitambaa, acha ukingo wa juu utokeze kidogo kama nguo iliyokunjwa kiunoni. Kitambaa kilicholala sambamba na ngozi pande zote huonekana kama rangi iliyopakwa.

*Kizibao cha vipande.* Baadhi ya watu wa ibada wamevaa vazi lililofunikwa vipande vidogo vilivyopandana, kama manyoya au vipande vya kombe. Toboa vidugara, yaani viduara bapa, kwa mrija wa soda kutoka kwenye chapati ya milimita 2. Utahitaji kati ya 60 na 80. Pandanisha kama anavyoezeka fundi wa makuti: safu ya chini kwanza, ya juu iifunike theluthi, na viungo vya safu moja viangukie katikati ya vidugara vya safu nyingine. Ukianzia juu, kila safu mpya italazimika kuingia chini ya ile iliyotangulia na utazivunja zote mbili. Paka uji nusu ya juu tu ya kila kidugara, ili nusu ya chini ibaki imenyanyuka na kutoa kivuli.

*Joho.* Chapati ya milimita 3, kutoka mabegani hadi chini. Toboa tundu lililonyooka na lile la mgongoni. Joho lina kazi ya pili isiyoonekana: likifika sakafuni linakuwa mguu wa tatu. Taji litakuwa zito, na bila mguu huo sanamu itaanguka chali.

*Vidani.* Chora mfereji wa kina cha milimita 1 shingoni, ujaze uji, kisha panga punje za milimita 3 zikigusana. Bonyeza kila punje kwa mgongo wa kijiti cha meno mpaka ilale bapa upande wa chini. Nyuzi tatu huchukua punje 70 hivi. Ipo njia ya mkato ya kuviringisha kigwe na kukikata alama kila milimita 3, lakini macho huitambua mara moja: ushanga una vivuli vya duara, kigwe kina vivuli vya mistari. Baadaye baadhi ya punje zipakwe nyekundu, kwa kuwa kombe jekundu la Spondylus lilikuwa kito cha thamani katika pwani hiyo yote.

*Majasi na hazama.* Majasi ni vidugara vya sentimita 1.5 vyenye kishimo katikati. Kila kimoja kiwe na kishina cha milimita 5 kinachoingia kwenye tundu la sikio, maana kikibandikwa juu juu kitadondoka kwa kuguswa tu. Hazama ni kigwe cha milimita 2, duara lake milimita 8 hivi, inayoning'inia juu ya mdomo. Ukitaka ya waya wa shaba, toboa tundu sasa na uvishe waya baada ya kuchoma. Waya ukiingia moto pamoja na udongo, udongo husinyaa na waya hausinyai, na pua hupasuka.

*Mkononi.* Kibuyu cha chokaa ni duara la sentimita 1 lenye tundu juu. Kijiti kisiwe chembamba kuliko milimita 3, na kiguse kifua au kidevu mahali fulani. Kitu chochote kilichosimama hewani peke yake hakitafika mwisho wa kazi.

*Taji.* Anza na utepe mnene wa milimita 8 kuzunguka paji la uso. Nyuma yake simamisha ubao wa milimita 4 ulioinamia mbele kidogo sana. Manyoya ni vipande vya sentimita 2.5 kwa milimita 5, vikichorwa uti katikati na mistari ya mshazari pembeni. Weka 11 au 13: idadi witiri huacha unyoya mmoja katikati, na kichwa cha ndege au jagwa (chui wa Amerika) hukaa chini yake. Bandika kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukishamaliza mbele, geuza na usugue tabaka jembamba la udongo juu ya mizizi ya manyoya upande wa nyuma. Tabaka hilo ndilo linaloyashika. Egemeza taji na gazeti lililoviringishwa mpaka likaze.

Sasa simamisha sanamu na iguse kwa kidole kifuani. Ikirudi nyuma, ongeza udongo kwenye ncha ya joho. Kichwa pamoja na taji visizidi theluthi moja ya urefu wote.

Kukausha

Siku 10, ukiwa kwenye mvua 14. Siku 3 za kwanza sanamu yote iwe ndani ya plastiki. Kuanzia siku ya 4 fungua mwili, lakini manyoya, majasi na ncha za joho zibaki zimefunikwa, kwa sababu vyembamba hukauka haraka na kuvutana na unene wa nyuma yake. Ufa unaotokea mzizi wa unyoya katika hatua hii haufichiki kwa uji. Ng'oa unyoya, lowesha, bandika mwingine. Mwishoni iguse shavuni kwako. Ikiwa baridi, bado ina maji.

Kuchoma

Hata ikiwa kavu, ipashe moto kwa nyuzi 80 hadi 90 kwa saa 4: ndani ya oveni, au kando ya moto ukiigeuza kila nusu saa.

Kwenye joko la umeme, panda nyuzi 60 kwa saa hadi 120 na ukae hapo saa 2, kisha 100 kwa saa hadi 600, halafu 150 kwa saa hadi 800. Kaa dakika 20, zima, usifungue mpaka ishuke chini ya 100. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadili ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na wa kushuka. Anayefungua mlango mapema husikia mlio mkavu, na ni shingo imekatika.

Kwa moto wa nje, tandika vigae vikubwa, laza sanamu juu yake, ifunike kwa vigae vingine ili mwali usiiguse moja kwa moja. Zungushia kuni nyembamba kwa mbali na usogeze moto taratibu kwa saa moja. Kisha funika kwa kuni, kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani makavu. Vigae vikiwa vyekundu dhahiri gizani, si hafifu tu, umepita nyuzi 650. Acha ipoe usiku kucha ndani ya majivu. Madoa meusi ni mahali moshi ulikosa hewa, na rangi itayafunika.

Rangi

Watu wa utamaduni wa Chorrera, waliotangulia, walipenda udongo mwekundu uliosuguliwa ukang'aa. Jama-Coaque walipaka rangi baada ya kuchoma: kijani, manjano, nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kuna sababu ya kikemia ya kupaka mwishoni: udongo wa manjano ukifika nyuzi 300 hivi hugeuka mwekundu, na weusi wa mkaa huungua ukatoweka.

Gundi: gramu 10 za utomvu wa mgunga katika mililita 30 za maji moto, iache usiku, ichuje. Nyekundu ni ngeu, nyeusi ni mkaa uliosagwa, nyeupe ni udongo mweupe wa kaolini. Kwa kijani na manjano nunua unga wa rangi za udongo. Epuka kijani zenye shaba au aseniki, ni sumu. Saga unga na maji mpaka uwe kama mtindi, kisha ongeza gundi kijiko kimoja kwa vinne vya rangi. Jaribu kwenye kigae: ikikauka na kuacha unga kidoleni, gundi ni chache, iking'aa au kuchanika, imezidi.

Paka nyeupe nyembamba kwenye mavazi yote kwanza, ikauke, ndipo rangi nyingine. Kijani kiende kwenye vito na nguo, manjano kwenye hazama na majasi, maana hivyo ndivyo dhahabu ingeonekana. Ngozi iachwe na rangi ya udongo au ipakwe nyekundu kidogo. Usijaze kila mfereji. Giza la kati ya manyoya lifanye kazi yake.

Usipake vanishi, na usiifute kamwe kwa kitambaa kibichi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kavu, kutoka kwenye taji kushuka chini. Visanamu vingi vya kale vilivyofukuliwa vimebaki na kijani kwenye mikunjo tu, na kuvisugua kwa maji ili kuondoa matope huondoa rangi pamoja nayo.